Theluji juu ya paa la gari: mwongozo kwa anayeendesha Pennsylvania na New Jersey

Kila msimu wa baridi namwona mtu yuleyule, ingawa gari hubadilika. Kakwangua kitundu cha ukubwa wa sahani kwenye kioo cha mbele, kajikunyata nyuma ya usukani, juu ya paa kabeba theluji nene kama godoro, na huyo anaingia barabara kuu. Mwaka wangu wa kwanza hapa Allentown, Pennsylvania, mtu huyo alikuwa mimi. Shifti ilianza saa kumi na mbili asubuhi, miguuni nilivaa raba, nikajiambia theluji itajipukuta yenyewe njiani. Ilijipukuta kweli. Kwenye taa za kwanza nilipokanyaga breki, godoro lote liliteremka mbele likafunika kioo, waipa zikakwama, nikabaki gizani karibu na makutano huku nyuma wanapiga honi. Nilishuka nikaichota kwa mikono mitupu.

Sikugonga mtu wala sikuandikiwa tiketi. Lakini tangu siku hiyo, kila mgeni anayefika huku na kununua gari lake la kwanza namshika mkono namwonyesha haya ninayoyaandika hapa.

Sheria inamtazama aliye nyuma yako

Ukiwa nyumbani umeshawahi kufuata lori la kokoto lisilofungwa turubai. Dereva wa lori hana habari, redio inaimba, wewe nyuma unahesabu nyufa kwenye kioo chako. Theluji ya paani ni mzigo wa namna hiyo. Kioo cha mbele unakisafisha kwa faida yako mwenyewe, na hakuna sheria inayohitajika sana kumlazimisha mtu aone anakokwenda. Paa unalisafisha kwa ajili ya mtu usiyemjua, na hapo ndipo watu huzembea, na ndiyo maana majimbo kadhaa yameamua kulitaja paa waziwazi kwenye sheria.

Tena theluji haibaki laini kama ilivyoanguka. Joto la ndani ya gari huyeyusha tabaka la chini, usiku tabaka hilo linaganda, na asubuhi unakuta kibamba cha barafu kimelala chini ya theluji inayoonekana nyepesi kama pamba. Pande la mita moja na nusu kwa mita moja, lenye unene wa sentimita 2 tu, lina uzito wa takribani kilo 27. Hilo ni zaidi ya mfuko wa unga wa kilo 25. Gari likifika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, upepo unapenya chini ya pande hilo na kulinyanyua kama bati bovu siku ya dhoruba.

Pennsylvania sheria hii inaitwa Sheria ya Christine, kwa jina la mwanamke aliyeuawa siku ya Krismasi mwaka 2005, barafu ilipochomoka kwenye lori na kupasua kioo cha gari alimokuwa. Seneta Lisa Boscola, wa huku huku bondeni Lehigh, aliipigania miaka mingi. Zamani jimbo lilikuwa linamwadhibu mtu baada tu ya barafu kuanguka na kuumiza. Tangu Septemba 2022 mambo yamegeuka: dereva anatakiwa afanye juhudi za kutosha kuondoa theluji na barafu kwenye boneti, buti na paa ndani ya saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka. Asipofanya, faini ni dola 50 hata kama hakuna kilichoanguka, na gharama za mahakama huongezwa juu yake. Barafu ikianguka na kuua au kujeruhi vibaya, faini inaweza kufika dola 1,500.

Hizo saa 24 zimewaponza wengi. Watu wanazisikia kama likizo. Si likizo. Kioo cha mbele kinatakiwa kiwe wazi kila dakika unayoendesha, na polisi anaruhusiwa kukusimamisha akiona mzigo wako wa barafu ni hatari.

Halafu kuna suala la mto. Wengi wetu tunaoishi Allentown, Bethlehem na Easton tunafanya kazi kwenye maghala ya ng'ambo, tunashika barabara ya 78 na kuvuka mto Delaware. Ukishavuka uko New Jersey, na saa 24 zako zimebaki upande ule mwingine wa daraja. New Jersey, kwa sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2010, inataka theluji na barafu viondolewe kabla gari halijaingia barabarani: boneti, buti, paa, kioo cha mbele na madirisha. Faini ni dola 25 hadi 75 kwa kila kosa bila kitu kuanguka. Kikianguka kikaumiza mtu au kuharibu mali, gari la kawaida hulipishwa dola 200 hadi 1,000, na la biashara dola 500 hadi 1,500. Kwa hiyo gari moja, asubuhi moja, theluji ileile: Easton uko ndani ya muda, Phillipsburg umeshavunja sheria. Shika kipimo cha New Jersey popote ulipo na huna haja ya kukumbuka mpaka.

Vifaa, na vitu vya kuacha nyumbani

Nunua ufagio wa theluji wenye kichwa cha sponji na mpini unaorefuka. Ule wa nywele ngumu nao unafaa, ila rangi ya gari haiupendi. Nunua skrepa nzuri ya plastiki ya kukwangulia barafu. Zile ndogo za bei ya chee huvunjika asubuhi ya kwanza yenye barafu ya kweli. Glavu zisizopitisha maji. Kigoda kidogo cha kusimamia kama gari lako ni refu au wewe ni mfupi. Na maji ya waipa ya baridi, yale yaliyoandikwa kwamba hayagandi mpaka kama nyuzi 29 chini ya sifuri. Ya kiangazi yataganda ndani ya bomba na wakati mwingine yataganda kiooni ukiyapulizia.

Chupa ya kupulizia unaweza kuijaza mwenyewe: sehemu mbili za spiriti ya asilimia 70, sehemu moja ya maji, tone la sabuni ya vyombo. Inayeyusha barafu nyembamba kwa dakika moja au mbili.

Maji ya moto, hapana. Nasema tena kwa sababu kila mwaka kuna mjomba anayejaribu: kioo baridi kikimwagiwa maji ya moto kinaweza kupasuka, na hata kisipopasuka, yale maji yanaganda upya. Koleo la chuma nalo ni la njiani, sio la kwenye gari.

Jioni ya kabla

Utabiri ukisema theluji inakuja, simamisha waipa zisishikane na kioo. Pangusa mipira ya milango, na kama unayo silikoni ya kupulizia, ipitishe kidogo ili mlango usigande. Ufagio usiuache kwenye buti. Najua unaonekana ni wa gari, lakini buti ndilo litakalokuwa limefunikwa. Ulaze ndani ya nyumba karibu na viatu.

Weka saa ikuamshe dakika 20 mapema. Kwa theluji ya kimo cha kiganja, mtu aliyezoea hutumia dakika 10 hivi. Mvua ya barafu ni habari nyingine, hiyo mpe dakika 30.

Asubuhi

Anza na bomba la ekzosi, kabla ya kugusa kitufe cha kuwashia. Theluji ikiwa imeziba bomba, moshi hauna pa kutokea na kaboni monoksaidi inaweza kurudi ndani ya gari. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Hii ni muhimu zaidi kama umepaki barabarani na gari la kusafisha njia limekusukumia rundo la theluji nyuma. Chimba mpaka bomba lionekane na nafasi ya kutosha iwepo kulizunguka. Na usikalishe watoto ndani wapate joto wakati wewe unachimba. Wakae nyumbani mpaka umalize. Wenye gari linalowashwa kwa simu kutoka kitandani, hili linawahusu mara mbili.

Sasa washa. Elekeza hewa kwenye kioo cha mbele, washa kipasha joto cha kioo cha nyuma, na washa eisii, yaani kiyoyozi, pia: inakausha hewa na ukungu wa ndani unaondoka haraka. Kama mlango umegoma kufunguka, usiuvute kwa hasira, ule mpira utachanika. Usukume kwanza kwa bega ili barafu ivunjike, kisha uvute. Usiingie ndani kunywa chai ukaacha gari linaunguruma barabarani na funguo ziko ndani. Wezi nao huamka mapema.

Paa linafuata, kabla ya kioo. Watu wengi huanza na kioo, wakija kwenye paa wanajikuta wamemwagia theluji kioo walichokwisha kukisafisha. Simama upande wa dereva, ingiza ufagio mpaka katikati ya paa na uivute theluji kuja kwako, au isukume iangukie upande wa pili, kutegemea upepo. Zunguka, maliza upande mwingine. Gari refu, fungua mlango na usimame kwenye kizingiti chake, mkono mmoja umeshika gari. Viatu viwe na soli yenye kashata nzuri, maana kizingiti chenye maji kinateleza. Usikwangue paa kwa skrepa kama rangi unaipenda.

Ukifika chini ukakuta barafu imeshikamana na bati, usipigane nayo. Hita ikiwa imefanya kazi dakika 10 ndani, kibamba kitaanza kuachia kutoka chini. Kisukume polepole kwa kichwa cha ufagio, kitateleza kipande kizima. Hapo ndipo utaona ulichotaka kwenda nacho barabara ya 78.

Baada ya paa, vioo vyote. Vyote: cha mbele chote mpaka kingo, cha nyuma chote, vya milango, na vya pembeni. Kitundu cha sahani hakikubaliki mahali popote. Chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapolala, kuna mfereji unaoingiza hewa kwenye hita. Utoe theluji, la sivyo ukungu utakusumbua safari nzima. Hakikisha waipa zimeachia kabla ya kuziwasha, kwa sababu mota yake ikilazimishwa kung'oa barafu inaungua.

Boneti, buti, taa za mbele na za nyuma, namba za gari. Boneti wengi huiacha kwa hoja kwamba injini itaiyeyusha. Itaiyeyusha, ndiyo, ikiwa imeshapeperukia kiooni kwako. Taa za LED zina tabia yake: hazitoi joto mbele kama zile za zamani, kwa hiyo theluji inazigandia hata ukiwa unaendesha. Gari jipya lina kamera nyuma na rada mbele. Zipanguse, au utasafiri na dashibodi inayolalamika na breki za dharura ambazo hazioni kitu.

Theluji uliyoiangusha iweke kwenye nyasi au pembeni ya sehemu yako. Kuisukumia barabarani ni kosa Pennsylvania, na usiku itakuwa barafu ya jirani yako kuteleza. Pia usiirundike kwenye njia ya miguu. Hapo mwenye nyumba naye anadaiwa na mji kupasafisha.

Kabla ya kuondoka, kanyaga breki mara mbili ungali unatambaa kwenye maegesho. Kama kuna kitu kimebaki juu, bora kiteremke hapo.

Ukitoka kazini

Hapa ndipo nimeona wengi wenye nidhamu wakishindwa. Asubuhi gari lilikuwa safi kama sahani. Mchana imeanguka theluji kwa muda wa saa nane, mtu katoka shifti kachoka, anataka kitanda. Sheria haijali kwamba ulisafisha asubuhi. Ufagio wa pili ukae garini, kwenye sakafu ya kiti cha nyuma. Kama huna, waulize wenzako: kwenye maegesho ya ghala kila saa ya kutoka kuna ufagio mmoja unaozunguka kama kikombe cha kahawa, na hakuna anayekasirika ukiuomba.

Mkisimamishwa njiani

Nasema "mki" kwa sababu magari yetu asubuhi hubeba watu wanne, watano. Washa indiketa, sogea kulia, zima injini, mikono kwenye usukani, abiria watulie. Usishuke kuanza kupukuta theluji mbele ya polisi ukidhani ni heshima; huku kushuka bila kuambiwa kunatafsiriwa vibaya. Toa leseni, kadi ya gari na uthibitisho wa bima anapovitaka. Akikuandikia tiketi, usiiweke kwenye droo. Pennsylvania una siku 10 kujibu, ama unakubali kosa na kulipa, ama unakataa na kupangiwa siku ya kusikilizwa. Ukinyamaza, kosa dogo la dola 50 linaweza kukuzalia kusimamishiwa leseni. Mahakamani una haki ya mkalimani wa Kiswahili bila malipo, lakini mwombe mapema, sio asubuhi ya kesi. Kama Kiswahili chako ni cha Bukavu au Bujumbura na kile cha Unguja kinakupiga chenga, sema hivyo pia unapoomba.

Wenye malori

Vijana wetu wengi sasa wanaendesha trela, na kwao jambo hili ni gumu zaidi. Paa la trela liko juu kama mita 4.1. Usipande juu yake. Barafu, urefu huo na viatu vya kazi havipatani, na sheria ya Pennsylvania inalitambua hilo: haimbani dereva wa mizigo pale ambapo kusafisha kungevunja kanuni za usalama wa wafanyakazi, wala aliye njiani kuelekea mahali penye kifaa cha kusafishia. Maghala makubwa yana geti lenye bledi ya kukwangua ambalo unapita chini yake taratibu. Uliza lilipo kabla hujapewa mzigo. Trela ikilala uwanjani bila kichwa, inua miguu yake ya mbele juu kidogo ili maji yateremkie nyuma badala ya kutuama katikati na kuganda. Na msimamizi akikwambia "nenda tu, itaanguka yenyewe", kumbuka leseni iliyo hatarini ni ipi.

Ukiwa wewe ndiye wa nyuma

Ukiona trela yenye theluji, baki mbali, badili njia ukiweza. Barafu ikiruka, usikate kona kuikwepa. Magari mawili yameshagongana hivyo huku barafu yenyewe ikipasukia lami. Punguza mwendo, shika usukani, weka uso chini kidogo kama inakuja kiooni. Ikikuharibia gari, simama mahali salama, piga 911, namba ya dharura, eleza namba na rangi ya lori na ulipo. Kamera ya dashibodi hapa inalipa gharama yake siku moja.

Ukisafiri nje ya hapa

New Hampshire ndio walioanza kuwa wakali, kwa Sheria ya Jessica, nayo ni ya mtu aliyekufa kwa barafu ya lori, mwaka 1996. Huko faini ya kwanza ni dola 250 hadi 500, ukirudia ni 500 hadi 1,000. Ndugu zetu wa Manchester na Concord, miji ya huko huko, wanaijua vizuri. Connecticut wanatoza dola 75 bila kitu kuanguka. Majimbo yasiyolitaja paa hayajakuachia: polisi hutumia sheria ya kuzuia kuona au ya mzigo usiofungwa. Quebec, zaidi ya theluji, wanataka matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Uingereza kanuni za barabara zinataka vioo vyote viwe wazi, taa na namba zionekane, na theluji inayoweza kuanguka iondolewe. Ujerumani faini zenyewe ni ndogo, euro 10 kwa kitundu cha kioo, euro 25 kwa theluji ya paani, lakini ukiliacha gari liungurume bure ili lipate joto wanaweza kukutoza euro 80. Wajerumani wanataka ukwangue gari likiwa kimya, na majirani zao husikiliza.

Utabiri wa leo huku bondeni unasema sentimita 12 kabla ya alfajiri. Ufagio wangu uko karibu na viatu.